Ziwa Lililochongwa na Barafu

Hotuba kwa walimu wa jiografia na wanafunzi wao, Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi mlioketi huko nyuma, na wazazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: asalaam aleykum, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya maziwa yaliyoumbwa na barafu. Ni mada ambayo wengi wetu huifundisha kwa kipindi kimoja: tunachora bakuli ubaoni, tunachora mshale, kisha tunaendelea na mada nyingine. Leo sitapitia maziwa mengi. Nimechagua moja tu, Ziwa Geneva, ambalo watu wanaoishi kando yake huliita Léman, na nitakaa nalo hadi mwisho.

Kilichonifanya nilichague ni swali la mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi. Alisema kwamba barafu anaijua vizuri, kwa sababu kila alfajiri huiona ikipondwa kwa nyundo na kumwagwa juu ya samaki, na ikifika adhuhuri imekwisha kuwa maji. "Sasa, mwalimu," akauliza, "kitu kinachopondwa kwa nyundo kitachimbaje jiwe?" Siku ile nilimjibu kama kitabu kilivyosema, naye akaandika, lakini nilimwona usoni kwamba hakuridhika. Alikuwa na haki ya kutoridhika. Swali lake ndilo lililowasumbua wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi, na waliolipatia jibu walikuwa watu wa milima na mwambao uleule, waliotazama mawe na maji ya kwao bila kuchoka.

Kwanza tulijue ziwa lenyewe. Limekaa kati ya Uswisi na Ufaransa, limepinda kama mwezi mchanga, na urefu wake ukifuata mpindo huo ni kilomita 73 hivi, yaani kama theluthi mbili ya barabara ya kutoka hapa kwenda Lindi. Eneo lake ni kilomita za mraba 580 na kina chake kikubwa ni karibu mita 310. Mto Rhône unaingia kwa upande wa mashariki ukitoka milima ya Alps, unatokea magharibi katika mji wa Geneva, kisha unakatiza Ufaransa hadi Bahari ya Mediterania. Uso wa ziwa uko mita 372 juu ya usawa wa bahari. Ukitoa kina, utaona kwamba sakafu yake iko mita 62 tu juu ya bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali kwa mamia ya kilomita. Sakafu hiyo nayo ni tope. Chini ya tope kuna mashapo mazito, na mwamba halisi ulio chini ya mashapo hayo uko chini ya usawa wa bahari.

Naomba mlitafakari jambo hilo kidogo, kwa kuwa ndani yake mna nusu ya jibu la yule mwanafunzi. Mto wa maji hauwezi kuchimba bonde lake likawa chini kuliko bahari unakomwagia, maana maji hushuka tu, hayapandi. Ruvuma yetu na Lukuledi zina mipaka hiyohiyo. Mto wa barafu, yaani barafu nene inayoshuka bondeni polepole, haufungwi na sheria hiyo, kwa sababu barafu nene husukumwa na uzito wa barafu iliyo nyuma yake, na ikikutana na mwinuko katika sakafu inaweza kuupanda. Ndiyo maana barafu huweza kuchimba shimo ambalo mto haungeweza kulichimba.

Sasa tuje kwenye nyundo. Ni kweli kwamba barafu tupu ni laini kuliko mwamba. Lakini kila mmoja wetu hapa amewahi kukalia mbuzi ya nazi. Kinachokuna nazi ni meno ya chuma. Ubao wa mbuzi hautoi hata chembe. Mto wa barafu hubeba meno yake mwenyewe. Maji yanayoyeyuka chini yake huingia katika nyufa za mwamba, huganda, hutanuka na kuupasua. Barafu inaposogea hung'oa vipande hivyo na kuondoka navyo, vikiwa vimeshikwa tumboni mwake. Kuanzia hapo ni jiwe linalosaga jiwe. Uzito wake pia si wa bonge la sokoni: kila mita 100 za unene hulemea mita moja ya mraba kwa takriban tani 90, na mito ya barafu ya enzi za baridi kali za kale ilifikia unene wa mita 1,000 na zaidi. Wachongaji wetu wa Kimakonde wangeielewa kazi hii haraka kuliko sisi walimu, maana wao pia hutumia patasi kuondoa vipande vikubwa na msasa kulainisha kilichobaki. Tofauti ni kwamba barafu hufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja, na huacha mikwaruzo mirefu iliyolala upande mmoja, ikionyesha ilikotoka na ilikokwenda.

Kwa Ziwa Geneva, mchongaji alikuwa mto wa barafu wa Rhône, ulioshuka zaidi ya mara moja katika enzi za baridi kali, ukafunika bonde lote na kuvuka mahali ulipo mji wa Geneva leo. Mwamba wa pale ni wa mchanga na udongo ulioshikamana, laini kuliko granaiti ya milimani, kwa hiyo bakuli lilichimbika kwa kina zaidi. Dunia ilipopata joto tena, barafu ilirudi nyuma, na zaidi ya miaka 14,000 iliyopita bonde likabaki na maji. Tukumbuke pia kwamba barafu haiko mbali na historia ya ardhi yetu kama tunavyodhani. Katika bonde la Ruhuhu, huko kwa jirani zetu wa Ruvuma, kuna mashapo yaliyoachwa na barafu karibu miaka milioni 300 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa sehemu ya bara kubwa la Gondwana na karibu zaidi na ncha ya kusini.

Habari hizi zilijulikanaje? Katika mabonde ya Uswisi na kwenye kingo za ziwa kuna majabali ya granaiti yaliyokaa juu ya mwamba usio wa aina yake, kama mgeni aliyeachwa kwenye baraza ya watu. Majabali mawili ya namna hiyo yanachomoza majini katika bandari ya Geneva, nayo huitwa Pierres du Niton. Moja lina alama ya shaba ambayo kimo cha milima yote ya Uswisi hupimwa kutokana nayo. Kimo rasmi cha alama hiyo ni mita 373.6. Wataalamu wa mwanzoni mwa karne ya 19 waliamini kwamba mawe kama hayo yaliletwa na gharika kubwa ya maji. Mwaka 1815, Jean de Charpentier, mkurugenzi wa migodi ya chumvi ya Bex, alilala usiku mmoja katika nyumba ya Jean-Pierre Perraudin, mwindaji wa kijiji cha Lourtier. Perraudin alimwambia kwamba barafu ya milimani zamani ilijaza bonde zima, na kwamba yale majabali yalikuwa makubwa mno kuweza kubebwa na maji. Alikuwa ameiona mikwaruzo kwenye miamba iliyo mbali na barafu, naye aliijua mikwaruzo hiyo kwa sababu aliiona pia kando ya barafu iliyokuwa hai. Charpentier alimsikiliza kwa adabu, lakini hakumwamini.

Miaka 3 baadaye, katika bonde la Bagnes, ambamo kijiji cha Lourtier kimo, mto wa barafu wa Giétro ulimwaga mabonge yake bondeni hadi ukaziba mto, na nyuma ya ukuta huo likafanyika ziwa. Mhandisi wa serikali ya jimbo, Ignaz Venetz, aliwaongoza vibarua kutoboa njia ndani ya barafu ili maji yapungue kidogo kidogo. Yalipungua kweli, lakini tarehe 16 Juni 1818 ukuta ulivunjika na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Venetz aliendelea kuchunguza mito ya barafu, akamsikiliza Perraudin, na mwaka 1829 akatangaza hadharani kwamba barafu iliwahi kuenea mbali sana. Safari hii Charpentier, aliyetaka kumpinga, alikwenda kuyatazama mawe mwenyewe na akageuka. Naye akamgeuza Louis Agassiz, ambaye mwaka 1837, mjini Neuchâtel, aliwasomea wanasayansi wenzake hotuba juu ya enzi ya barafu, na hatimaye sifa nyingi zikaenda kwake.

Juu ya Agassiz nina neno moja ambalo siwezi kuliruka mbele ya wanafunzi wa Kiafrika. Alipohamia Marekani alilitumia jina lake kubwa kuhubiri kwamba watu weusi ni duni. Mwaka 2019 mji wa Neuchâtel uliliondoa jina lake kwenye uwanja mmoja wa mji na kuupa jina la Tilo Frey, mwanamke aliyezaliwa Kamerun na ambaye mwaka 1971 alichaguliwa kuingia bunge la Uswisi, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa humo. Yale aliyoyasema juu ya barafu yalithibitishwa na mawe. Yale aliyoyasema juu yetu hayakuwa na jiwe lolote la kuyashuhudia. Na mimi darasani, ninapofundisha enzi ya barafu, humtaja kwanza mwindaji wa Lourtier.

Bakuli lilipojaa maji, watu walifika. Maelfu ya miaka kabla ya Kristo kulikuwa na vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo kwenye kingo za ziwa, na maji yalipopanda baadaye, tope liliyahifadhi masalia: nguzo, vyungu, nafaka, nyavu. Mwaka 1854 Adolphe Morlot alizama mbele ya mji wa Morges akiwa na kofia ya chuma kichwani, akatembea kati ya nguzo hizo chini ya maji. Mwaka 2011 maeneo 111 ya vijiji vya aina hiyo katika nchi 6 za ukanda wa Alps yaliingizwa katika Urithi wa Dunia. Julius Caesar naye alipita hapo mwaka 58 kabla ya Kristo, akavunja daraja la Geneva na kujenga boma kutoka ziwani hadi milima ya Jura ili kuwazuia Wahelveti, kabila la Uswisi ya kale, wasivuke.

Tukio la mwaka 563 linahitaji nafasi zaidi. Maandishi ya Gregory wa Tours na Marius wa Avenches, maaskofu wa karne hiyo, yanasema kwamba mlima Tauredunum ulianguka katika bonde la Rhône karibu na mashariki ya ziwa, na wimbi kubwa likasomba vijiji vya pande zote mbili, likavunja daraja na vinu vya Geneva, na kuua watu. Kwa muda mrefu wasomaji walijiuliza imewezekanaje, kwa kuwa mlima uliangukia bondeni, si ziwani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakiongozwa na Katrina Kremer, walionyesha tabaka nene la mashapo lililolala sakafuni mwa ziwa kwa zaidi ya kilomita 10, lenye ujazo wa angalau mita za ujazo milioni 250. Maelezo yao ni kwamba mshindo wa mlima uliyatikisa matope yaliyorundikwa na mto mdomoni mwake, matope yakaporomoka chini ya maji, na ziwa likainuka. Kwa hesabu zao, wimbi la mita 8 lilifika Geneva dakika 70 hivi baada ya maporomoko. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana, maana tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi yaliyoanzia Sumatra yalifika hadi kwetu. Lakini ni vizuri mwanafunzi ajue kwamba hata maji baridi yasiyo na lango la bahari huweza kuinuka namna hiyo.

Karne nyingi zilizofuata zilikuwa za biashara na uvuvi. Nitataja kitu kimoja tu, kwa ajili ya wazee wa Mikindani waliomo humu. Mashua kubwa za mizigo za Léman zilikuwa na matanga ya pembetatu yaliyofungwa kwenye foromali ndefu iliyolala mshazari kwenye mlingoti, jamaa wa karibu wa matanga ya jahazi zetu. Zilibeba mawe kutoka Meillerie kwenda kujenga Geneva. Nahodha wa huku angelitambua tanga lile kabla hajashuka ufukweni.

Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walilitumia ziwa kupima mwendo wa sauti ndani ya maji. Kutoka kwenye chombo kimoja kengele ilizamishwa na kugongwa, na papo hapo baruti ikawashwa juu yake. Kwenye chombo kingine, ng'ambo, zaidi ya kilomita 13, Colladon alisubiri usiku huku sikio lake likiwa kwenye bomba refu lililoingizwa majini. Alihesabu sekunde kati ya mwanga na sauti. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, na kipimo hicho hakiko mbali na vya leo.

Aliyelijua ziwa hili kuliko wote, hata hivyo, alikuwa François-Alphonse Forel, aliyezaliwa Morges mwaka 1841 na kufariki mwaka 1912. Alikuwa daktari na profesa, lakini nyumba yake ilikuwa kando ya maji na macho yake yalikuwa humo. Mwaka 1869 alichota tope la chini akakuta mnyoo hai, na kutoka hapo akaanza kuuliza ni viumbe gani vinavyoishi kwenye giza lile, vinakula nini, na maji yanayovizunguka yana joto kiasi gani. Alitunga mizani ya rangi ya kupimia rangi ya maji. Aligundua kwamba maji ya Rhône, kwa kuwa ni baridi na yamejaa vumbi la mawe, huzama mara tu yanapofika ziwani na kutiririka sakafuni kama mto ulio chini ya ziwa, yakikata mfereji wake humo. Vumbi hilo ndilo linalolijaza bakuli: zamani ziwa lilipanda ndani ya bonde la Rhône, na sehemu hiyo leo ni mashamba.

Alichunguza pia jambo ambalo wavuvi walilijua zamani na kuliita seshi. Bila mwezi kuhusika, maji hupanda taratibu upande wa Geneva huku yakishuka upande wa pili, kisha hugeuza, kama maji ya karai lililosukumwa. Mtoto wa Mtwara anayejua bamvua na maji mafu angedhani ni kupwa na kujaa, na angekosea, kwa kuwa kupwa na kujaa huchukua saa 6 hivi kila upande, ilhali safari nzima ya seshi, kwenda na kurudi, huchukua dakika 74 au karibu na hapo. Forel aliipima kwa kifaa kilichochora kimo cha maji mchana na usiku, akathibitisha kwamba muda huo unatokana na urefu na kina cha ziwa. Elimu ya maziwa aliipa jina la limnolojia, na kazi yake kubwa juu ya Léman ilichapishwa katika juzuu 3 kati ya mwaka 1892 na 1904. Walimu wenzangu, kazi nyingi kati ya hizo aliianza kwa ndoo, kamba, kipimajoto na daftari. Ziwa Kitere na Ziwa Rutamba hayakuchimbwa na barafu, lakini kamba na daftari tunavyo.

Katika karne ya 20 ziwa liliugua. Majitaka na mbolea vilileta fosforasi nyingi, mwani ukaota kupita kiasi, na ulipokufa na kuoza chini ukala oksijeni ya maji ya kina. Mwaka 1962 Uswisi na Ufaransa zilitia sahihi mkataba wa kuyalinda maji hayo. Mitambo ya kusafisha majitaka ikajengwa, na mwaka 1986 Uswisi ikapiga marufuku fosfeti katika sabuni za kufulia. Fosforasi imeshuka sana tangu ilipofika kileleni karibu na mwaka 1980, lakini haikushuka kwa siku moja, kwa kuwa maji ya ziwa huchukua zaidi ya miaka 11 kubadilika yote. Samaki aliyeitwa fera, wa asili ya hapo, alikuwa amekwisha kutoweka. Wanaoitwa fera sokoni sasa ni wa jamii nyingine. Mwaka 2015 akaonekana kome mgeni, kwaga, ambaye ameenea na kuziba mabomba. Na kuna jambo la majira ya baridi: maji ya juu yakipoa vya kutosha huwa mazito, huzama na kuipelekea sakafu oksijeni, lakini mara ya mwisho ziwa lilipochanganyika hadi chini kabisa ilikuwa mwaka 2012. Baridi za siku hizi hazitoshi.

Nirudi kwa mtoto wa mvuvi. Mto wa barafu uliolichonga ziwa hili bado upo, huko juu kwenye chanzo cha Rhône, ingawa umesinyaa sana, na kila kiangazi sehemu yake hufunikwa kwa mablanketi meupe ili isiyeyuke haraka. Mbele yake, katika miongo ya karibuni, limetokea ziwa dogo jipya, ndani ya bakuli ambalo barafu imeliachia juzi tu. Kando yake mwamba uko wazi, umelainika kama kinyago kilichopigwa msasa, na juu yake kuna mikwaruzo mirefu iliyolala upande mmoja. Nimekuja na picha zake na nimezibandika ukutani, karibu na mlango.

Naomba sasa tupokee maswali, na la kwanza litoke kwa wanafunzi walioketi huko nyuma.